Kuendesha baiskeli kwa kikundi siku ya manyunyu, Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

Kaka wa Sakina
Wakuu, habari za mvua. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Kikundi chetu cha hapa Arusha tulitoka watu kumi na mmoja. Njia yetu ilikuwa bypass, ile inayouzunguka mji kwa kusini kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, kama kilomita 42, halafu turudi mjini kwa barabara ya Moshi. Saa kumi na mbili asubuhi Meru haionekani kabisa. Yalikuwa manyunyu yale ya mwisho wa masika, hayakuloweshi papo hapo, ila ukikaa nayo nusu saa yameshafika kwenye ngozi.

Bypass ni peupe, upepo unapiga kutoka ubavuni. Kila mtu kajifunika kofia ya koti hadi masikioni, macho yako kwenye tairi la aliye mbele yake. Tulipofika Usa River tukaagiza chai, ndipo mmoja akauliza, "Mama yuko wapi?" Tukajihesabu, tuko kumi.

Ni mama aliyejiunga nasi mwezi huu, ana baiskeli ya mtumba isiyo na giya. Nikageuza na mwenzangu mmoja. Tulimkuta kilomita tano nyuma anaisukuma, tairi la nyuma limelala, pampu hana. Akasema, "Niliwaita, mvua ikameza sauti." Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Naomba wenye uzoefu waseme: siku za mvua mnafanyaje kikundi kisikatike?

Dada wa Rau
Pole kaka, na umpe pole huyo mama.

Sisi Moshi tuna mtu tunamwita mchungaji. Mchungaji wa mbuzi hatangulii, anakaa nyuma ya kundi, na wetu ni hivyo hivyo. Haruhusiwi kumpita mtu yeyote hata kama ana nguvu za kutosha. Anabeba pampu, tyubu mbili na filimbi. Filimbi inasikika pale sauti inapozama. Na kila njia panda tunasimama na kujihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka namba itimie. Tulianza hivyo baada ya safari moja ya Marangu.

Ilikuwa mwezi Mei. Moshi mjini haifiki mita 1,000, geti la Marangu liko juu ya mita 1,800, kwa hiyo kupanda ni jasho jembamba. Tukafika tumelowa jasho kwa ndani na ukungu kwa nje. Hatukupumzika hata dakika tano, tukaanza kuteremka kuelekea Himo. Ndugu zangu, kuteremka hupigi pedali, mwili hautengenezi joto, na upepo wote ni wako. Kabla hatujafika Marangu Mtoni vidole vyangu vilikataa kubana breki. Navitazama viko kwenye usukani, ila havinitii. Nilisimama kwa kuuburuta mguu chini hadi kwenye migomba.

Mama wa kihamba kile, yaani shamba la migomba la nyumbani, alitutoa kwenye mvua wote saba, akatuweka jikoni penye moto na kutupa mtori. Tulipoondoka alimpa kila mtu gazeti. "Weka kifuani, ndani ya koti." Zamani tulivaa mifuko ya rambo ndani ya viatu, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, gazeti ndilo rafiki yangu. Likilowa unalitupa penye taka, unaweka jingine. Na shati kavu usikose kwenye begi, livae juu kule kabla hujaanza kuteremka.

Kijana wa Usa
Kuhusu pancha: mvua inasomba kokoto na vile vijiwaya vya tairi za malori zilizopasuka, inavirundika pembeni mwa lami, hapo hapo tunapopita sisi. Na mpira uliolowa unakatika upesi kuliko mkavu. Ukitoka kwenye dimbwi, angalia tairi.

Mkirudi Jumamosi kwa barabara kuu jihadharini Tengeru, ni siku ya soko. Maganda ya ndizi na tope la mikokoteni, hapo tunashuka na kutembea.

Fundi wa Kijenge
Breki za kubana rimu zikilowa, mizunguko ya kwanza inafuta maji tu, haisimamishi. Kwa hiyo anza kubana mapema, kidogo kidogo, na acheni nafasi ya baiskeli tatu au nne kati yenu. Kwenye mistari ya rangi na mifuniko ya chuma pita wima, usikate kona.

Udongo wetu huu una mchanga mkali, unakula mpira wa breki na rimu pia. Ukifika nyumbani osha, kausha mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta mepesi, futa ya ziada. Grisi na oili chafu ya gari hapana! Vinashika mchanga.

Asiye na madigadi akate dumu la lita tano, alifunge nyuma kwa waya. Anayemfuata si wa kunyweshwa tope. Na huyo mama mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi, amkingie upepo. Mwendo mtaupima kwake.

Mama Wawili
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyebaki. Bodaboda mmoja alitaka kunipakia na baiskeli yangu, nikakataa kwa sababu nilitaka kuimaliza njia ile kwa miguu yangu. Kiraka nilikuwa nacho, na solusheni, ile gundi yake. Nilibandika mara tatu, kikabanduka mara tatu. Nilikosea wapi?

Fundi wa Kijenge
Marahaba mama. Hujakosea, solusheni haishiki penye unyevu. Siku ya mvua badilisha tyubu nzima, yenye tundu uizibe nyumbani. Njoo nayo Kijenge Ijumaa jioni, tutatoa tairi na kulirudisha mpaka mikono yako izoee.