Naomba ushauri: nianze na Kinorwei, Kiswidi au Kidenmark?
Wakuu, salaam. Nataka kujifunza lugha moja ya Skandinavia itakayonisaidia kusoma zote tatu. Mwaka 1397 Denmark, Norwei na Uswidi ziliwekwa chini ya mfalme mmoja katika Muungano wa Kalmar. Uswidi ilijitoa 1523, Norwei ikabaki na Denmark hadi 1814. Ndiyo maana Bokmål, maandishi yanayotumika zaidi Norwei, yanafanana sana na Kidenmark, huku matamshi yakiwa karibu na Kiswidi. Kwa hiyo moyo wangu uko kwa Kinorwei. Kinachonitia wasiwasi ni Nynorsk, maandishi ya pili, ambayo mwanaisimu Ivar Aasen aliyajenga kutokana na lahaja za vijijini. Mliosoma huko, mlianza na ipi? Na Mdenmark akizungumza haraka, mnamwelewa?