Bangkok mara ya kwanza: nilale Pratunam, Nana au Khao San?

MamaZubeda_Kkoo
Habari za humu jamani. Mwezi ujao nakwenda Bangkok siku 6 kufuata magauni na nguo za watoto. Safari yangu ya mbali kuliko zote ni Dubai. Shoga yangu wa Kariakoo anasema nilale Pratunam, shemeji anasema Nana, na huku mtandaoni kila mtu anaisifia Khao San. Nasali, nakula halali, na Kithai sijui hata salamu. Viza tayari ninayo. Nishaurini.

Mzee_wa_Mzigo
Dada, Khao San itoe kabisa. Ule ni mtaa wa vijana wenye mabegi mgongoni, muziki mpaka usiku wa manane, na treni haifiki. Wewe umefuata mzigo, lala Pratunam. Ukitoka hotelini uko Platinum, ghorofa juu ya ghorofa za nguo. Maduka mengi ya mle ukichukua vipande 3 unapewa bei ya jumla, hata vikiwa rangi tofauti, ila uliza kwanza. Nje kuna soko la alfajiri. Ukishaswali subuhi, shuka, maana jua likipanda watu wanafunga meza zao.

Halafu usiishie hapohapo. Panda boti ya mfereji wa Saen Saep kwenye gati la Pratunam, ushuke Bo Bae. Kule ndiko jumla yenyewe, mafungu kwa mafungu. Nauli ni sarafu chache tu na foleni unaiacha barabarani. Ukikaa pembeni, vuta turubai boti nyingine ikipita. Yale maji si ya kurukiwa.

BintiMakadara
Wa Mombasa hapa. Mimi pia nasema Pratunam, lakini kwa sababu ya tumbo na swala. Kutoka Platinum unatembea hadi Petchaburi Soi 7 (soi ni uchochoro), kuna msikiti wa Darul Aman, na uchochoro mzima umejaa vibanda na migahawa ya Waislamu wa Kithai. Wali na kuku, supu, mishikaki. Nana nako, Soi 3, chakula ni cha Kiarabu, utapata mandi na Kiarabu utakisikia kila kona. Ila bei iko juu, na majirani wa mtaa ule usiku si wa kumwonyesha mama mkwe.

Otis_254
Mnaionea Nana bure. Pale stesheni ya BTS, treni ya juu, iko juu ya kichwa chako. Pratunam lazima utembee hadi Ratchathewi au Chit Lom ndiyo upate treni hiyo, na mvua ikinyesha jioni, teksi zinakataa kuwasha mita kabisa. Mtu ambaye si wa nguo, kaa Nana.

Mzee_wa_Mzigo
Otis, yeye *ni* wa nguo. Soma swali.

MamaZubeda_Kkoo
😂 Msigombane kaka zangu. Na kutoka uwanja wa ndege je?

BintiMakadara
Kabla hujaruka, jaza ile fomu ya kidijitali ya kuingia, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai pesa ni ya matapeli. Ukitua Suvarnabhumi, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Sisi wa Afrika Mashariki tunaanzia dawati la afya na kadi ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Nilimwona mtu amesimama foleni ndefu akarudishwa nyuma kwa ajili ya hiyo kadi.

Dola beba za mia mia, mpya. Noti ndogo wanazipa bei mbaya. Usibadilishe pale unapochukua mabegi, shuka chini kabisa kwenye treni, bei ni nzuri zaidi. Treni hiyohiyo, shuka Ratchaprarop, utembee kidogo.

Otis_254
Kurudi na mzigo, chukua teksi, na lipia barabara ya juu. Ukitokea uwanjani kwa teksi, kuna baht 50 juu ya mita, hujaibiwa. Bolt ipo kama huku kwetu. Bajaji zao ni za kupanda kwa raha tu, tena mpatane kwanza. Mimi dereva aliniambia Kasri Kuu limefungwa leo, akanizungusha maduka ya vito saa mbili nzima. Kasri lilikuwa wazi. Ukienda, funika mabega na magoti.

Kassim_Muscat
La pembeni: saa za usiku Wathai wanahesabu kama sisi. Saa moja usiku ni *nueng thum*, saa mbili *song thum*. Nilipogundua nilijihisi niko Unguja. Ila kwenye simu na tiketi ni saa za kizungu. Na wako mbele yetu wa Afrika Mashariki kwa saa 4, usimpigie mteja wako wa nyumbani asubuhi ukidhani na kwake kumekucha.

MamaZubeda_Kkoo
Basi Pratunam. Chaja yangu ya pini tatu nene itaingia?

Mzee_wa_Mzigo
Haiingii. Nunua adapta hapohapo Kariakoo.

MamaZubeda_Kkoo
Jirani yangu wa duka anaziuza. Leo ndiyo nitamuungisha.