Impreza GC8 inagonga mbele kushoto: nitibu nini kabla ya kufunga koilova?

GC8_Mukono

Wandugu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, bodi ya GC8. Injini haina neno. Kinachoninyima raha ni mguu wa mbele kushoto. Nikitoka barabara ya Jinja kuingia murramu ya nyumbani, mwendo wa polepole, nasikia ko-ko-ko ya haraka haraka kama kuna nati imelegea. Cha ajabu, nikipanda tuta kwa magurudumu yote mawili sawasawa, kimya kabisa. Halafu kuna mlio wa pili: nikizungusha usukani gari likiwa limesimama, inatoka "tang!" moja nzito, naisikia mpaka miguuni.

Fundi ameshafunga shokapu mpya mbele, kushoto na kulia, na milio yote miwili iko palepale. Sasa ananiambia tung'oe kila kitu, tufunge koilova (seti ya shokapu na springi inayorekebishwa kimo), gari lishuke. Nalipenda gari hili na ninataka litulie kwenye kona za Mabira, ila sitaki kumwaga pesa kabla ya kujua natibu ugonjwa gani.

Fundi_Walukuba

Kijana wangu, koilova ziache kwanza. Hapo una magonjwa mawili.

Tuanze na ko-ko-ko. Gurudumu moja likipanda na lingine likabaki chini, baa ya stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona) inapindika na kuvuta zile linki zake fupi. Yakipanda yote mawili kwa pamoja, baa inazunguka tu ndani ya raba zake, linki hazipati kazi. Ndiyo maana kwenye tuta husikii kitu. Mimi nashuku linki. Lakini kabla hujashika spana, pita pale panapogonga huku umegusa breki kidogo. Mlio ukipotea, ni pedi au kalipa zinacheza, na sasipensheni haina kosa.

Linki zenyewe zina mtego. Gereji nyingi wanapiga jeki upande mmoja, wanatikisa linki, haichezi, wanasema nzima. Ukiinua upande mmoja baa inajipinda na kuikaza linki, kwa hiyo ulegevu wake unajificha. Ipime gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, au inua mbele yote kwa usawa. Shika kichwa cha linki kwa vidole, mwenzako atikise bodi. Utausikia mkononi ule mgongano mdogo. Ukibaki na shaka, toa linki zote mbili, uzunguke taratibu hapo mtaani. Usiende nalo barabara kuu, kwa sababu bodi italala sana kwenye kona. Mlio ukiisha, umempata mwizi.

Hiyo "tang" ni springi inayonaswa. Juu ya shokapu ya mbele kuna mauntini ya raba yenye beringi, ili springi izunguke pamoja na usukani. Beringi ikikauka au ikila vumbi, springi inajisokota, inashindwa, kisha inafyatuka. Weka kiganja ubavuni mwa springi (vidole visiingie kati ya koili) mtu azungushe usukani. Ikifyatuka utaisikia wazi. Muulize fundi wako: alipofunga shokapu mpya, alirudishia mauntini za zamani? Na aangalie kama ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake kule chini.

Boljointi na bushi (raba za maungio) za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwa chini, zikaguliwe hapohapo, kwa ufito wa chuma. Ukibadilisha bushi, bolti zake zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekaa chini. Zikikazwa mguu ukining'inia, raba inabaki imejisokota siku zote na itapasuka mapema.

Garuga_Lami

Naunga mkono. Niongeze kuhusu kushusha gari, maana hapo watu wanapotea sana. Mbele ya GC8 ni MacPherson, yaani shokapu na springi ni nguzo moja iliyoshika gurudumu kwa juu, na mkono wa chini unalishika kwa chini. Ukilishusha mpaka mkono wa chini uanze kuinama kuelekea katikati ya gari, kituo ambacho bodi hulalia kinashuka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Gari linaonekana la mashindano, kumbe linataka kulala zaidi kwenye kona, na nafasi ya shokapu kucheza imepungua. Shimo la kwanza tu, inagonga kikomo. Tazama magari yanayokimbia Pearl of Africa Rally: yanakaa juu, na miguu yake ina nafasi ndefu ya kucheza.

Kwa njia zetu mimi ningefanya hivi: shokapu nzuri za kimo cha kiwandani, springi ngumu kidogo tu, bushi mpya za raba. Poliyurethani, ile plastiki ngumu inayowekwa badala ya raba, inafaa, lakini inataka grisi yake maalumu, na ikikosa itapiga kelele, hasa kwenye vumbi. Kisha baa nene ya nyuma, kama milimita 20. GC8 ina tabia ya kusukuma pua nje ya kona, na baa hiyo ndiyo itakayokufurahisha kuliko kingine chochote kwa bei yake.

GC8_Mukono

Asanteni sana. Kugusa breki hakukubadilisha kitu. Tumetoa linki, ko-ko-ko imeisha! Ya kushoto kichwa chake kinazunguka bila ukinzani wowote. "Tang" bado ipo, na springi inafyatuka kweli chini ya kiganja. Mauntini ni zile za zamani. Naagiza linki mbili, mauntini na beringi za pande zote. Kuna la kuangalia wakati wa kufungua?

Fundi_Walukuba

Shokapu inashikwa kwenye nakli (kile chuma kinachobeba gurudumu) na bolti mbili. Ile ya juu ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje, kwa hiyo piga alama kwenye kichwa chake kabla hujailegeza, na baadaye gari liende alaimenti hata kama alama zimekutana. Springi ibanwe kwa kibanio cha pande mbili kabla ya kugusa nati ya katikati. Asikubali mtu kuifungua kwa mikono mitupu, springi ile inaweza kuua. Baa ya nyuma subiri kidogo. Endesha kwanza na linki mpya, ulisikie gari lako lilivyo, ndipo uamue.