Nani kawaambia kila swali la kauli taarifa lazima lirudi wakati uliopita?

Wakuu, hawa watunga mazoezi ya Kiingereza wamenichosha. Kila programu na kila karatasi ya majibu wimbo ni ule ule: ukigeuza swali kuwa kauli taarifa (yaani ukiliingiza ndani ya sentensi nyingine badala ya kulinukuu), rudisha kitenzi hatua moja nyuma. Basi, hakuna cha "inategemea".

Nimejaza "Do you know where she lives?" nikapigwa mkasi mwekundu, eti ni "lived". Kwa kosa gani? Kitenzi kinachoongoza sentensi, "know", kiko wakati uliopo. Sasa "lives" kirudi nyuma kumfuata nani?

Lililonikera zaidi ni "Could you tell me what time it is?" Mtunga zoezi kaona "could", kakurupuka: huo ni wakati uliopita, kwa hiyo jibu ni "was". Jamani! Hiyo "could" ni ya adabu tu. Ukimuuliza mtu "what time it was" unataka saa ya lini, ya jana?

Penye ugumu wa kweli wanapapita mbio. Chukua "He asked me where I worked." Ni sahihi. Lakini kama bado nafanya kazi pale pale, "He asked me where I work" nayo inakubalika, na wanasarufi wanalijua hilo siku zote. "Work" inaonyesha kazi ninayo hadi leo. "Worked" haisemi, huenda ninayo, huenda nimeshaacha. Mfundishe mtu achague kulingana na anachotaka kusema. Wao wanakata maksi tu.

Kuna hadi wanaodai "where I had worked", wakati swali lenyewe lilikuwa "Where do you work?" Hapo umeshamsingizia muuliza swali. "Had worked" ingefaa kama aliuliza "Where did you work?", yaani habari za kazi ya zamani. Na msinianzishe kwenye "might" na "should", ambazo hazirudi popote lakini wapo wanaozilazimisha.

Cha ajabu, mtu akiandika "She asked me what did I want" badala ya "what I wanted" anapewa vema! Mpangilio wa swali la moja kwa moja umebaki vile vile, "did" imejikalia, hakuna anayestuka, mradi kitenzi kiko wakati uliopita.

Mwenye mazoezi yanayoeleza nani anamuuliza nani, lini, na kama jambo bado liko vile vile, ayaweke hapa. Ya kujaza nafasi bila maelezo msiniletee.