Mapanga ya tabaini ya wima: pipa lililopasuliwa, mapanga matatu yaliyonyooka, au yale ya kujisokota?

mkulima_wa_alizeti
Wakuu habari za muda huu. Niko Singida, kiangazi hiki upepo tunao wa kumwaga, nataka kujenga tabaini ndogo ya kusimama wima ya kuchaji betri ya volti 12, taa za banda la kuku na simu basi. Nimechagua ya wima kwa sababu hapa nyumbani upepo unageuka geuka na sitaki habari za mkia wa kufuata upepo, af jenereta inakaa chini naifikia bila kupanda mlingoti. Sasa nimekwama kwenye mapanga. Kuna Savonius ya kupasua pipa, kuna Darrieus ya mapanga yaliyonyooka ile inafanana na herufi H, na kuna ile imejisokota nzuri kwa macho. Waliowahi kushika hivi vitu waje.

kusi_na_kaskazi
Pipa. Mimi niko Lamu, kusi ikianza inasukuma miezi na pipa halijali upepo unatoka wapi, linaanza lenyewe hata upepo ukiwa mdogo. Lakini usipasue tu ukachomelea. Zile nusu mbili zipishane katikati, asilimia 10 mpaka 20 ya upana wa nusu moja, ili upepo ulioingia upande mmoja upite ukasukume mgongo wa upande wa pili. Juu na chini weka sahani za duara zinazozidi rota (hiyo sehemu inayozunguka) kidogo, bila hizo hewa inatorokea pembeni. Na kama una mapipa mawili pandanisha ghorofa mbili, la juu uligeuze nyuzi 90 na la chini, utaondoa ile sehemu ambayo rota inagoma kuanza.

mwanafizikia254
Kuanza linaanza, swali ni linakupa nini. Tupige hesabu boss. Pipa la lita 200 lina upana wa kama sentimita 57 na urefu 88, ukipishanisha hizo nusu vizuri unapata rota ya mita 1.05 hivi, yaani eneo la mita za mraba 0.92. Singida iko juu, kama mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Lamu, weka kilo 1.05 kwa mita ya ujazo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita kwenye eneo hilo una wati 60. Hakuna tabaini inayoweza kukamata zaidi ya asilimia 59.3, hio mwanafizikia Mjerumani Betz alishaionyesha zamani, na Savonius ya kujitengenezea ikikupa 15 ushukuru. Wati 9! Na hapo jenereta haijala chake.

Sasa chukua H ya upana mita 2 na urefu mita 2. Eneo ni mita za mraba 4, upepo ule ule una wati 262, na ukikamata asilimia 25 tu una wati 65. Sio uchawi wa panga peke yake, eneo ni kubwa mara nne na zaidi, lakini hebu jaribu kutengeneza pipa la mita 2 kwa 2 uone uzito wa bati utakaobeba.

pangaboi
Mi siwaelewi. Turkana kuna tabaini 365, zote za kulala (mhimili umelala, sio wima) zenye mapanga matatu. Hao hawana akili?

mwanafizikia254
@pangaboi wana akili sana, kwenye uwanja ulio wazi ya kulala inashinda na hakuna ubishi. Za wima kubwa zimejaribiwa. Kule Cap-Chat, Quebec, Kanada walijenga Éole, urefu wa mita 110, ilizungushwa kuanzia 1988 mpaka 1993 bering ya chini ikaharibika ikawa basi. California miaka ya 80 zilisimama mamia zenye mapanga ya alminiamu na alminiamu ikachoka ikapasuka. Sababu ni kwamba kila mzunguko panga linasukumwa kuelekea ndani likiwa upande wa mbele wa upepo, af nje likiwa upande wa nyuma. Ndani nje ndani nje. Hio H ya mita 2 kwenye upepo wa mita 5 inazunguka kama mara 140 kwa dakika, piga mwenyewe, ni zaidi ya laki mbili kwa siku.

mkulima_wa_alizeti
Aisee. Kwa hiyo H ndo nzuri ila inajiua? Na je inaanza yenyewe?

mwanafizikia254
Kwa shida. Ndo maana umbo la panga ni muhimu. Chukua NACA 0018, ni umbo lenye pande mbili sawa, unene ni asilimia 18 ya upana wa panga. Ukichagua upana wa sentimita 20, unene unakuwa 3.6 na sehemu nene kabisa iko sentimita 6 kutoka kwenye pua. Usikonde panga kwa tamaa ya spidi, jembamba kwa upepo mdogo linakosa mnyanyuo (nguvu ya bawa inayolivuta) na rota inakaa tu inatetemeka. Mapanga matatu, sio mawili. Wengine wanaweka kipipa kidogo katikati cha kulianzisha, inasaidia, ila spidi ikipanda kile kipipa kinageuka breki.

fundi_chuma
Nyie mnabishania panga, mi naangalia mikono inayolishika. Upepo ukifika mita 12 ncha za H zinakimbia kama mita 36 kwa sekunde, panga la kilo 2 kwenye rota ya mita 2 linavuta kwenda nje kama umelining'inizia kilo 260. Panga moja hilo! Bolti mbili za milimita 6 kwenye mbao laini utatafuta panga lako kwa jirani. Kila panga lipate mikono miwili, na usifunge nchani, ingia ndani kama sentimita 41 kutoka kila mwisho kwa panga la mita 2, hapo ndo nguvu ya kulipinda inakuwa ndogo kuliko kwingine kote. Mkono wenyewe usiwe bomba la duara, linakokota upepo vibaya mno, uchongwe nao uwe na umbo la bawa. Panga lenyewe mbao nyepesi ndani, juu faibaglasi na rezini, alminiamu achana nayo.

Ile ya kujisokota, ile ya mvumbuzi Gorlov ambayo mwanzo ilikuwa ya kwenye maji, inazunguka laini bila mtikisiko ila kutengeneza kalibu yake kijijini ni kujitafutia presha.

mkulima_wa_alizeti
Nimekupata fundi. Jenereta nilipanga alternata ya gari.

mwanafizikia254
Hapana!! Alternata inataka mizunguko elfu moja na zaidi kwa dakika ndo ianze kuchaji, wewe una 140. Ukiweka mikanda na puli msuguano unakula hizo wati zako zote. Tengeneza ya sahani za sumaku na koili katikati, mizunguko michache inatosha. Na uweke swichi ya kuunganisha nyaya zote tatu za jenereta pamoja, hio ndo breki yako siku ya dhoruba, maana H haina mkia wa kuigeuza ikwepe upepo. Ifunge kabla dhoruba haijakolea lakini, ikishashika kasi koili zinaweza kuungua kabla haijasimama.

kusi_na_kaskazi
Pipa langu halina swichi na limepita dhoruba salama. Nasema tu.

fundi_chuma
Na lina wati 9, nasema tu 😂 Mkulima, hapo unapotaka kuisimika kuna nini jirani?

mkulima_wa_alizeti
Paa la nyumba na miembe miwili mikubwa.

fundi_chuma
Basi ndo umepata jibu la kwa nini upepo wako unageuka geuka. Hakuna umbo la panga litakalotibu huo, ni mlingoti uende juu au miembe ishuke.

mkulima_wa_alizeti
Miembe ya mama mkwe hiyo mkuu, haiguswi. Nina kilima nyuma ya shamba la alizeti, mita mia na kitu kutoka bandani. Niambieni waya wa unene gani.

mwanafizikia254
Kwa volti 12 umbali huo umeme mwingi utaishia njiani. Suka koili zitoe volti 48, betri na kontrola (kifaa cha kushusha volti na kulinda betri) zibaki bandani, af tuongee waya.