Naomba ushauri: farasi mweupe anapigwa picha Jumamosi

Habari za jioni wakuu. Natunza farasi jike mweupe huku Kigamboni. Jumamosi mwenye farasi analeta mpiga picha, kazi ya malipo kabisa, picha za kutundika ukutani. Kuogesha farasi nimezoea, ila safari hii nimekwama.

Ana doa la manjano pajani, upande anaolalia, kinyesi kimeshika kwenye manyoya. Nimelisugua kwa shampuu mara tatu. Akiwa ameloa halionekani, akikauka limerudi palepale. Kuna mtu kaniambia nipake Jiki, nikakataa, itamchoma ngozi.

Halafu kamera haipendi. Jana nilijaribu kumpiga picha kwa simu, kila nikiinua mkono masikio yanalala nyuma, sura kama mama mkwe aliyenuna. Nikatikisa ndoo ya pumba, akaacha kusimama akaifuata ndoo.

Tumepanga saa kumi na moja jioni, jua likipoa. Je, nimwogeshe Ijumaa jioni nimfunike shuka, au Jumamosi asubuhi, na joto hili la Dar? Na masikio mnayasimamishaje bila kumwonyesha chakula?