Kusoma kalipa ya venia: shafti yangu ina kipenyo gani?

Fundi wa Kizota: Habari za jioni, wakuu. Natengeneza mashine ya kusaga nafaka hapa Dodoma, na shafti mpya inapaswa kuvaa beringi namba 6203. Kwenye kalipa yangu, sifuri ya venia (rula ndogo inayoteleza) imesimama kati ya milimita 16 na 17 za rula kuu, karibu kabisa na 17, na venia yenyewe ina vigawanyo 50. Je, niandike 17?

Mchonga Vyuma: Hapana, mkuu. Kila kigawanyo hapo ni milimita 0.02. Tafuta mstari wa venia uliolingana sawasawa na mstari wowote wa rula kuu, ukitazama wima, si kwa upande. Ukiwa wa 47, kipenyo ni 16 + 0.94, yaani 16.94. Tundu la 6203 ni milimita 17, hivyo beringi itacheza.

Mzee wa Karakana: Kabla ya kumlaumu mchongaji, futa unga kwenye taya za kalipa (mashineni haukosekani), uzifunge tupu, usome.

Fundi wa Kizota: Nimefuta, mzee wangu. Mstari uliolingana ni huo wa 47, lakini taya zikifungwa bado zinasoma 0.04 badala ya sifuri.

Mzee wa Karakana: Basi hiyo inatolewa: una 16.90. Shafti irudi kwa mchongaji.